Rimu kubwa kwenye gari lililoshushwa: piga hesabu kabla ya kununua

Kwa Mhariri,

Wikendi mjini Nakuru, na siku hizi Kisumu vilevile, huchukui muda kuona Fielder, Wish au Impreza iliyoshushwa, yaani iliyowekewa springi fupi ikae karibu na ardhi, ikilipanda tuta kwa pembe, dereva akichunga bampa isikwaruze. Rimu zinang'aa na matairi yana ubavu mwembamba. Hatuna ubaya na urembo huo. Gari likishushwa kwa vipuri vyake na kuvalishwa rimu zinazolifaa, hupendeza na kutulia kwenye kona. Lakini gari la familia lililoshushwa lina nafasi ndogo mno ya makosa, na makosa mengi yanayoletwa karakana yangezuilika kwa kalamu na tepu ya kupimia kabla shilingi haijatoka mfukoni. Tunaomba ukurasa wako utupe nafasi tueleze hesabu hiyo.

Tuanze na kipenyo cha gurudumu zima. Chukua tairi lililoandikwa 195/65R15. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu basi ni 195 mara 0.65, karibu milimita 127. Zidisha kwa mbili, ongeza rimu ya milimita 381, unapata 634.5. Speedomita na gia za gari zilipangiwa namba hiyo. Rimu ikikua, ubavu hauna budi kupungua ili namba ibaki karibu palepale. Tairi la 205/50R17 linatoa 636.8, la 215/45R17 linatoa 625.3, na la 225/45R17 linatoa 634.3. Yote matatu yanavumilika, kwani hakuna linalopishana na la awali kwa zaidi ya asilimia 1.5. Sasa jaribu 225/45R18, ambalo wengine hulichukua kwa kuwa ndilo lililokuwapo dukani. Linafika 659.7, asilimia 4 zaidi. Speedomita ikisoma 100, gari linakwenda 104. Na gurudumu limepanda kwa milimita 12 na nusu kuelekea fenda ambayo tayari imeteremshwa kwa 30 au 40.

Kwenye barabara zetu ubavu ndio unaokufa kwanza. Tairi la 195/65R15 lina milimita 127 za mpira kati ya rimu na lami. La 205/55R16 lina 113, la 215/45R17 lina 97, la 225/40R18 lina 90. Anayetoka Nakuru kwenda Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho atakutana na matuta yasiyopakwa rangi na mashimo yenye kingo kali. Akiteremka hadi Awasi na Ahero, kuna sehemu lami imekunjamana, kwa sababu udongo mweusi wa Kano huvimba mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka. Ukingo mkali wa shimo huubana ubavu mwembamba dhidi ya rimu, nyuzi za ndani hukatika, na punde tairi huota nundu. Nundu haizibwi. Tairi hilo limekwisha hata kama meno yake bado ni mapya. Ndiyo maana mwenye watoto na safari za nyumbani tunamwambia achukue inchi 16, yaani 205/55R16, ambayo kipenyo chake ni 631.9. Inchi 17 inawezekana kwa uangalifu. Inchi 18 kwenye gari la aina hii lililoshushwa hatuipendekezi kabisa.

Namba ya pili ndiyo inayoleta hasara zaidi, nayo ni ET, au ofseti. Ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. ET kubwa huliingiza gurudumu ndani, upande wa shoki. ET ndogo hulitoa nje, upande wa fenda. Imechorwa mgongoni mwa rimu au nyuma ya mojawapo ya mikono yake, karibu na maandishi kama 17x7J, yaani kipenyo cha inchi 17 na upana wa inchi 7.

Hesabu yake hii hapa. Tuseme rimu ya awali ni 15x6J ET 45. Nusu ya inchi 6 ni milimita 76.2. Upande wa ndani ni 76.2 kujumlisha 45, yaani 121.2. Upande wa nje ni 76.2 kutoa 45, yaani 31.2. Ukitia 17x7J ET 45, nusu ya upana ni 88.9, kwa hiyo unaongeza milimita 12.7 ndani na 12.7 nje. Ukitia 17x7.5J ET 38, ndani unaongeza 12, lakini nje unaongeza 26, na hapo fenda itakula tairi gari likibeba watu nyuma. Rudia hesabu kwa upana wa tairi pia, maana tairi pana hupita ukingo wa rimu.

Mfano tunaoukuta mara kwa mara ni rimu za Subaru kwenye Toyota. Fielder ya modeli ya NZE141, Wish na Premio zina matundu 5 kwenye duara la milimita 100, na Impreza nyingi za kabla ya zile mpya kabisa zina 5x100 vilevile. Muuzaji husema zinaingia, na kweli zinaingia. Lakini rimu nyingi za Impreza za 17x7J zina ET 55. Ukilinganisha na ile 15x6J ET 45, ukingo wa ndani unasogea milimita 22.7 kuelekea shoki, wakati upande wa nje haujasogea hata 3. Gurudumu linagusa shoki au linapita kwa unene wa karatasi. Mwenye gari anashauriwa atie spesa, kile kipande bapa kinachokaa kati ya rimu na habu. Spesa ya milimita 10 inairudisha ET kwenye 45, sawa, lakini stadi za Toyota, yaani boliti za habu zinazoshika nati, zina uzi wa hatua ya milimita 1.5 kwa kila mzunguko, hivyo spesa hiyo inameza mizunguko 6 na zaidi ya nati. Hata ya milimita 5 inameza 3. Nati ya stadi ya milimita 12 inapaswa kushika angalau mizunguko 8 kamili. Ikishika 4 au 5 uzi huchanika, na gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa mwendoni. Kama spesa haina budi, badilisha stadi uweke ndefu, na uchague spesa yenye kola inayokaa kwenye habu. Usikubali kile kibati chenye matundu mengi kinachodaiwa kufaa magari yote.

Kuna tundu la katikati pia. Habu ya Toyota hizo ni milimita 54.1, ya Subaru ni 56.1. Rimu ya Subaru ikivalishwa Toyota inabaki na pengo la milimita 2. Rimu inaning'inia kwenye nati peke yake, haikai katikati sawasawa, na usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 hivi hata kama magurudumu yamebalansiwa mara tatu. Dawa ni pete ya 56.1 kwa 54.1, moja kila gurudumu. Ni kitu cha bei ndogo na husahauliwa kila siku. Rimu ya Toyota haiwezi kuingia kwenye habu ya Subaru mpaka ikerezwe, na kazi hiyo ifanywe kwenye mashine ya kukereza, si kwa graenda.

Nati nazo hazifanani. Toyota hutumia M12x1.5, yaani stadi ya milimita 12 yenye hatua ya uzi ya 1.5, Subaru na Nissan M12x1.25. Ukiilazimisha moja kwenye nyingine itaanza vizuri kisha itakwama, na ukiisukuma kwa bunduki ya hewa umeua stadi. Umbo la kichwa lina maana pia. Rimu nyingi za alumini za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati yenye shingo na washa bapa, ilhali rimu za kununua karibu zote zinataka nati ya koni ya digrii 60. Nati bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu. Inaonekana imekaza, kisha inalegea ndani ya siku chache. Honda nyingi zina nati ya mviringo kama mpira, nayo ni hadithi ileile.

Fielder ya NZE161 haina matundu 5 kama ile ya NZE141. Ina matundu 4, 4x100, kwa hiyo usinunue kwa kusikia jina la gari tu. Na 5x112 si 5x114.3. Tofauti ya milimita 2.3 haionekani kwa macho, lakini nati zinakaa upande na rimu haitulii. Kutoboa matundu mapya katikati ya yale ya zamani kunaiacha rimu na nyama kidogo mahali penye kazi nzito kuliko pote.

Sasa tuseme juu ya kushusha kwenyewe. Springi fupi zilizotengenezwa kwa modeli ya gari lako ndiyo njia inayokubalika. Kukata mzunguko mmoja kwa graenda ni njia ya mkato tunayoikataa kila siku. Mwisho wa springi umetengenezwa ukae kwenye kikalio chake. Ukikatwa haukai, na gurudumu likining'inia, kwa mfano ukipita ukingo wa mtaro, springi hulegea, huhama na kurudi vibaya. Kuichoma kwa gesi ni kubaya zaidi. Chuma cha springi hupata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupoozwa kwa kipimo. Mwali wa gesi huziondoa, na springi huendelea kudidimia hadi ivunjike. Shoki za kawaida zikitumiwa na springi fupi hufanya kazi karibu na mwisho wa safari yake, zikigonga ule mpira wa kuzuia kila shimo, na hufa mapema. Watengenezaji wengine wa springi hueleza mpira huo ukatwe kiasi gani. Fuata kipimo chao, wala usiung'oe. Kwa barabara za huku, milimita 30 ndiyo mwisho wetu kwa gari linalobeba familia.

Kabla ya kununua rimu, pima nafasi iliyopo. Gari likiwa limeshakaa kwenye springi mpya, pima kutoka ubavu wa tairi hadi shoki kwa ndani, kisha teremsha uzi wenye kitu kizito kutoka ukingo wa fenda upime hadi ubavu wa nje. Fanya hivyo magurudumu yote manne, maana kulia na kushoto mara nyingi hupishana kwa milimita kadhaa. Toa zile milimita za hesabu ya ET. Ndani pabaki angalau 5. Nyuma, tairi lisipite uzi.

Rimu zikishafungwa, jaribio la kweli ni lenye mzigo. Wapo wanaojaribu gari tupu uwanjani na kuridhika, kisha Desemba linajazwa watu watano na gunia la kilo 90 kuelekea Kakamega au Busia, na likifika Londiani linanuka mpira ulioungua. Weka mifuko mitatu ya saruji kwenye kiti cha nyuma na miwili kwenye buti, jumla kilo 250. Paka chaki mabega ya matairi. Pandisha gurudumu la nyuma kulia na la mbele kushoto kwenye vipande vya mbao vya sentimita 15, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kila upande. Badilisha pande, kisha rudia ukirudi kinyumenyume. Palipofutika chaki ndipo panapogusa. Mbele kwa kawaida ni plastiki ya kuzuia matope, na hiyo inaweza kurudishwa nyuma kwa kuipasha joto kidogo na kuifunga upya. Nyuma, angalia kwanza skrubu inayoshika kona ya bampa ndani ya fenda. Ncha yake huelekea kwenye tairi na hulichana kama wembe muda mrefu kabla ukingo wa fenda haujaligusa. Ihamishe au weka fupi.

Ukingo wa fenda ukiwa ndio tatizo, unaweza kukunjwa kwa roli maalumu, rangi ikiwa imepashwa joto hadi iwe moto mkononi, polepole, kwa hatua ndogo. Ukigongwa kwa nyundo rangi hupasuka kwa ndani usipoona, maji huingia, na kwenye unyevu wa kando ya ziwa kutu huanza mapema. Baada ya kukunja, paka rangi ya kuzuia kutu na gundi ya kuziba maji ndani ya mkunjo.

Tairi lina namba nyingine ambayo wanunuzi hawaiulizi: uwezo wa kubeba. 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja, 87 ni kilo 545. Tairi la 195/65R15 kwa kawaida ni 91. Matairi mengi ya 215/45R17 ni 87, lakini yapo yenye alama ya XL, yaani yaliyoimarishwa kubeba mzigo zaidi, ya 91, na hayo ndiyo ya kununua. Usishuke chini ya namba ya awali. XL lina sharti lake. Linafikia kilo zake kwa shinikizo la psi 42, wakati tairi la kawaida linazifikia kwa psi 36. Ukilitia psi 33 kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa mlangoni, linabeba kidogo kuliko unavyodhani, na shimo linalipata likiwa laini. Ongeza psi 4 hadi 6 juu ya ile ya mlangoni, na upime asubuhi tairi likiwa baridi. Soma pia namba nne za mwisho baada ya DOT ubavuni, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Rimu zilizotumika zikague mgongoni, si usoni, maana uso umeshapakwa rangi. Tafuta alama za ubora za JWL na VIA kwenye zilizotoka Japani. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani ukitafuta ufa, kisha izungushe kwenye mashine ya balansi bila tairi uangalie kama inayumba. Rimu iliyonyooshwa kwa mwali wa gesi au kuchomelewa iache, kwani alumini iliyopashwa moto hivyo hupoteza ugumu.

Siku ya kufunga, safisha uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Vumbi la Nakuru ni jepesi na huganda hapo likichanganyika na kutu, na uso usio bapa huilegeza nati. Usipake grisi wala oili kwenye stadi, kwani nati hukaza kupita kiasi bila mtu kujua. Kaza kwa mkono kwanza, kwa mpangilio wa nyota, kisha malizia kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa Toyota hizi ni Nm 103. Bunduki ya hewa pekee huvuta stadi na kupinda diski, na breki huanza kutetemeka. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena kwa kipimo kilekile.

Alainmenti, yaani kupanga mielekeo ya magurudumu, ifanywe baada ya springi kukaa, wala si siku ileile. Gari likishuka, magurudumu ya mbele huinamia ndani kwa juu na tairodi, fimbo zinazogeuza magurudumu hayo, hubadilisha mwelekeo wake. Huo mwelekeo ndio unaomaliza tairi upande wa ndani, mahali mwenye gari haoni mpaka nyuzi zitokeze. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kwenye Fielder nyuma kuna ekseli moja isiyo na marekebisho, kwa hiyo kikionekana kipimo kibaya nyuma, chunguza bushi na ekseli kabla ya kulaumu rimu. Taa za mbele nazo zirekebishwe, hasa kama mbele kumeshuka kuliko nyuma. Na iarifu kampuni ya bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa springi na rimu.

Tairi la spea lisisahaulike. Kama kipenyo chake kinapishana na matairi mapya, lisikae muda mrefu kwenye ekseli inayovuta, maana difu, gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli, italazimika kuzunguka bila kupumzika. Kwenye Subaru inayovuta magurudumu manne, matairi yote yawe ya saizi moja na meno yanayokaribiana. Hakikisha pia kwamba nati zilizomo garini zinaingia kwenye rimu ya spea. Nati nyembamba za ufunguo maalumu zinahitaji ufunguo wake, na mahali pa ufunguo huo ni ndani ya gari, si droo ya nyumbani.

Kwa wenzetu wanaouza rimu Nakuru, Kisumu, Eldoret na Kakamega tuna ombi moja: andikeni kwenye risiti upana wa rimu, ET, duara la matundu, tundu la katikati na aina ya nati, na mkubali kuirudisha rimu ambayo haijafungwa tairi kama namba hizo si za kweli. Kwa mnunuzi: risiti isiyo na namba hizo, usiilipie.

Mafundi wa magurudumu na springi,
Nakuru